Kanuni Tunazo, Wakaguzi Je?

Malampaka haina uwanja wa ndege. Ina stesheni, tena ya siku nyingi: reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mji huu wa wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, ukakua kando ya mataruma, kwa pamba, mpunga na mabehewa. Anayetaka kupanda ndege aende kwanza Mwanza. Ukimweleza mkulima wa hapa kwamba unaandika kuhusu namna kanuni za usalama wa anga zinavyotungwa, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza kama umesikia lolote juu ya bei ya pamba.

Hata hivyo anga linamhusu. Katika kanda hii ya mtama na mpunga, ndege ambayo mkulima ana nafasi ya kuiona kwa karibu si ya abiria. Ni ile inayoletwa kweleakwelea wakishavamia. Huruka chini sana, jioni jua linapozama, juu ya vichaka wanakolala ndege hao, ikimwaga sumu. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, ambalo ndege zake zimefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Kuruka chini, giza linaingia, umebeba sumu, na chini yako kuna watu na mifugo: kama kuna urukaji unaodai kanuni kali, ni huu.

Sasa fungua Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, kinachohusu uendeshaji wa ndege. Kina sehemu ya ndege za biashara, sehemu ya ndege za watu binafsi na sehemu ya helikopta. Kazi za kunyunyiza mashamba, kupiga picha za ardhi na kufanya doria zimewekwa kando, kila nchi ijitungie yake. Nchi za Afrika Mashariki zimejitungia, hilo nalikubali. Lakini unapata kujua walioketi kuandika walikuwa wanamfikiria nani.

Waliketi Chicago mwaka 1944, vita bado vinapiganwa. Tarehe 7 Desemba nchi 52 zilitia saini mkataba ambao hadi leo ndio mama wa sheria zote za anga. Afrika huru ilikuwa na viti vya kuhesabika, Ethiopia na Liberia vikiwemo. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na Waingereza hawakutuma mtu Maswa kuuliza maoni. Mkataba ulizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililoanza kazi rasmi mwaka 1947, makao yake Montreal, Kanada. Leo lina nchi wanachama 193, na mkataba una viambatisho 19, kuanzia leseni za marubani na waongoza ndege hadi kelele za injini.

Kanuni mpya huanza kama pendekezo. Linaweza kutoka kwa nchi mwanachama, kwa jopo la wataalamu, kwa chama cha mashirika ya ndege au cha marubani, na mara nyingi nyuma yake kuna ajali. Linapelekwa kwenye Kamisheni ya Urukaji, yenye wajumbe 19, ambayo hulichambua na kulituma kwa nchi zote kwa barua, nchi zikipewa kama miezi mitatu kujibu. Majibu yanarudi, Kamisheni inalipitia tena, kisha linapanda hadi kwenye Baraza la ICAO lenye nchi 36. Hapo zinahitajika theluthi mbili za kura. Hata baada ya kura nchi wanachama wana muda wa kulikataa, na zaidi ya nusu yao wakilikataa linakufa. Halijawahi kuwa jambo la kawaida kufa hapo, maana kufikia hatua hiyo wanaopinga wamekwisha kulilegeza vya kutosha. Kwa kawaida Baraza hupitisha mwezi Machi, inakuwa sheria Julai, inaanza kutumika Novemba. Kazi nzima huchukua takriban miaka miwili, ikienda vizuri.

Ndani ya viambatisho kuna madaraja mawili, na hapa ndipo msomaji mvivu anapopotea. Kuna kiwango, ambacho ni lazima, na kuna pendekezo, ambalo ni vizuri ukilifuata. Chukua eneo la usalama linaloachwa mwishoni mwa njia ya kurukia, ili ndege ikipitiliza isikutane na korongo au nyumba ya mtu. Kwa viwanja vikubwa kiwango ni mita 90. Pendekezo ni mita 240. Tofauti ya mita 150 si elimu ya fizikia, kwa sababu ndege inayoserereka haijui ipi ni lazima na ipi ni hiari. Ni tofauti ya gharama za ardhi, na ya nchi ngapi zingekataa kupiga kura ya ndiyo kama 240 ingeandikwa kuwa lazima.

Na hata ile lazima ina mlango wa nyuma. Ibara ya 38 ya mkataba inairuhusu nchi isiyoweza kufuata kiwango iiarifu ICAO kwamba kwake mambo ni tofauti, na nchi nyingine zijulishwe. Ni ibara ya kistaarabu sana. Shida yake ni kwamba inahitaji mtu ofisini mwenye muda wa kulinganisha kila kiwango kipya na hali halisi ya nyumbani kisha kuandika barua. Nchi yenye upungufu wa mtu huyo hunyamaza, na anayenyamaza huhesabiwa anafuata.

Husemwa kwamba kanuni za anga zimeandikwa kwa damu. Ni kweli, ila damu zote hazina wino sawa. Tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya LAM ya Msumbiji, safari namba 470 kutoka Maputo kwenda Luanda, ilianguka kaskazini mwa Namibia na kuua watu wote 33. Kabla Desemba haijaisha wakuu wa anga wa Msumbiji walikwisha kusema hadharani kilichotokea: rubani msaidizi alitoka kwenda msalani, rubani mkuu akajifungia ndani peke yake na kuiteremsha ndege kwa makusudi. Mlango wenyewe ulikuwa zao la kanuni. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, ICAO ilikuwa imepitisha haraka sharti la milango imara inayofungwa kwa ndani, likaanza kutumika Novemba 2003. Dawa ya ugonjwa mmoja ikawa sumu ya mwingine, na onyo lilitolewa na maiti 33 kwenye pori la Namibia.

Dunia ilisikitika, ikaendelea na safari zake. Miezi kumi na sita baadaye, tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings ikafanyiwa jambo lile lile kwenye milima ya Alps, wakafa watu 150. Siku tatu tu baadaye shirika la usalama wa anga la Ulaya, lenye makao Cologne, likapendekeza chumba cha rubani kisiachwe na mtu mmoja. Sidai kwamba kuna mtu Montreal au Cologne aliyekaa akasema Waafrika wasubiri. Mambo hayaendi hivyo. Yanakwenda kwa uzito wa nchi iliyopoteza watu, wingi wa wachunguzi wake, na kelele za magazeti yake.

Wala uzito huo peke yake hautoshi. Ndege ya Malaysia MH370 ilipotea tarehe 8 Machi 2014 na watu 239, dunia nzima ikitazama. Sharti la kufuatilia ndege juu ya bahari kila dakika 15 lilianza Novemba 2018. Lile la ndege kubwa mpya kujitangaza zilipo kila dakika zikiwa hatarini lilipangwa kuanza 2021, likaahirishwa, likaahirishwa tena, hadi Januari 2025. Watengenezaji walihitaji muda. Watengenezaji huhitaji muda siku zote.

Turudi nyumbani, maana kanuni ikipita Montreal bado haijafika popote. Mkataba haumfungi rubani wa Tanzania moja kwa moja. Unaifunga serikali, na serikali lazima ikigeuze kiwango kiwe sheria yake. Zamani kazi hii Afrika Mashariki iliifanya pamoja, chini ya idara moja ya anga ya Jumuiya, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabeba mafaili yake. Jumuiya mpya ikaliona pengo hilo, na mwaka 2007 ikaunda wakala wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake kubwa ni kuandaa kanuni za mfano zinazofanana na kuzisaidia nchi wanachama katika ukaguzi. Kutoka Entebbe kanuni inakwenda kwa mamlaka ya kila nchi. Kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Rasimu inaitiwa wadau, waziri anatia saini, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Kanuni za anga bado zinasubiri zamu yao.

Njia hii haina aibu. Hakuna nchi inayobuni fizikia yake, na rubani anayetoka Nairobi kutua Mwanza asikute kanuni za kushtukiza. Tunaponakili, tunanakili hekima iliyogharimu watu wengi. Mahali pengine tumewahi hata kuwahi: mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za ndege zisizo na rubani, mwaka ule ule droni zilipokuwa zinajaribiwa kuvusha dawa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 kwa dakika 40. Kwa hiyo anayetaka kuona kama makabati yetu yana kanuni ataridhika. Yamejaa.

Twende Bukoba. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, ikiwa na watu 43, iliingia Ziwa Victoria ilipokuwa inajiandaa kutua katika mvua na hali mbaya ya hewa. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Walinusurika 24. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia. Picha iliyobaki ni ile ya mkia wa ndege ukichungulia majini na umati ufukweni ukivuta kamba. Kijana mmoja mvuvi akapewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lilikuwa agizo jema. Pia lilikuwa, ukilitazama kwa jicho kavu, kukiri kwamba mwokoaji alikuwa nje ya orodha ya mishahara.

Sasa soma Kiambatisho cha 14, kinachohusu viwanja. Kinasema kwamba uwanja ulio karibu na maji, ambao sehemu kubwa ya ndege zake hupita juu ya maji hayo zikitua au kuruka, lazima uwe na huduma maalumu za uokoaji na vifaa vinavyolingana na hatari hiyo. Hili ni kiwango. Wala halikuandikwa baada ya Bukoba, lilikuwepo. Kiambatisho hicho hicho kinadai magari ya zimamoto yaweze kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Kwa majini dakika hazikutajwa. Lengo ni kupeleka vifaa vya kuelea haraka iwezekanavyo. Kila aliyewahi kufuatilia faili kwenye ofisi ya umma anajua haraka iwezekanavyo inaweza kuchukua muda gani.

Uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa. Haukuhamia hapo Novemba 2022. Kwa hiyo swali la Bukoba halikuwa kwamba dunia ilisahau kutunga kanuni, wala kwamba Tanzania haikuwa na kabati la kuiweka. Swali ni nani alikuwa na kazi ya kwenda ufukweni, katika siku ya kawaida isiyo na maiti wala kamera, akasimama na karatasi yake na kuuliza: boti iko wapi, nahodha ni nani, mafuta yamo?

ICAO yenyewe inaijua tofauti hii. Tangu mwaka 1999 inakagua nchi wanachama, ikipima mambo manane. Mawili ya kwanza ni sheria mama na kanuni, yaani karatasi. Mengine karibu yote yanamtaka mtu: mamlaka yenye uwezo, wataalamu waliofundishwa, miongozo, utoaji wa leseni, ukaguzi wa mara kwa mara, na ufuatiliaji hadi kasoro iliyoonekana iondolewe. Karatasi unaweza kuiomba kwa jirani. Mkaguzi wa ustahiki wa ndege kuruka huwezi kumnakili. Ni fundi au mhandisi mwenye miaka mingi kwenye karakana, ambaye mashirika ya ndege ya nyumbani na ya Ghuba nayo yanamtaka, na hayamlipi kwa ngazi za utumishi wa umma.

Walioisema tofauti hii kwa ukali zaidi walikuwa wageni. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa vibali Tanzania. Sababu zilizotajwa hazikusema kwamba hatuna kanuni. Zilitaja upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa katika mamlaka, usimamizi usiofaa wa urukaji na wa ustahiki wa ndege, na kutofuata masharti ya kimataifa. Mengi ya mashirika hayo hayana hata ndege inayoweza kufika Ulaya bila kutua njiani; ndege ndogo inayotoka Arusha kwenda Serengeti haikuwa na mpango wa kutua Paris. Lakini mtalii aliyenunua safari Ulaya lazima aambiwe, na bima nayo husoma orodha hizo.

Unaweza kulalamika kwamba orodha hiyo ni rungu la wakubwa, na hutakosa hoja. Ilizaliwa baada ya ndege ya Flash Airlines kuanguka Sharm el-Sheikh, Misri, Januari 2004 na kuua 148, wengi wao Wafaransa. Ikaanza kutumika 2006, na tangu hapo Afrika haijawahi kukosa nafasi nzuri humo. Anayeonewa na anayestahili hukaa ukurasa mmoja. Hata hivyo, mtu akikuambia huna wakaguzi wa kutosha, hasira si jibu. Jibu ni idadi.

Kuna pia jambo la nyumbani ambalo hakuna mgeni aliyetulazimisha. TCAA ndiyo inayosimamia usalama, na TCAA hiyo hiyo ndiyo inayotoa huduma ya kuongoza ndege. Ni refa aliyevaa jezi ya timu moja. Anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini siku mwongoza ndege atakapokosea, atakayemkagua atakuwa analipwa kwenye dirisha moja naye. Mjadala wa kuzitenganisha kazi hizi upo duniani kote, na nchi kadhaa zimeshafanya. Sisi bado tunaona umoja ni nguvu.

Na kuna kuchunguza ajali zetu wenyewe. Kiambatisho cha 13 kinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12, kwa lengo la kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kumfunga. Watu huiona ripoti kama mwisho wa msiba. Kwa nchi kama yetu, isiyotengeneza ndege na yenye sauti moja kati ya 193, ripoti nzuri ndiyo kura yenye nguvu kuliko ile ya mkono. Ndiyo inayokwenda Montreal na kuwalazimisha wengine wasome. Ripoti inayocheleweshwa, au inayofungiwa droo la wizara, inawaacha waliokufa Bukoba wawe msiba wa Kagera tu, kama waliokufa Namibia walivyoachwa.

Tangu 2016 serikali imenunua ndege nyingi: za propela, Boeing 787, ya mizigo, na 737 MAX. Kila moja ilipokewa kwa viongozi na ngoma, magari ya zimamoto yakiimwagia maji. Mkaguzi mpya hupokewa na ofisa utumishi, anaonyeshwa meza, anaambiwa kompyuta inakuja. Nani atamlaumu mwanasiasa? Huwezi kukata utepe mbele ya mkaguzi.

Ndiyo maana ombi langu ni dogo na linaweza kutimizwa bila kwenda Montreal. Kila mwaka Waziri wa Uchukuzi husoma bajeti yake bungeni Dodoma, na wabunge wa Simiyu husimama kuomba barabara, reli na viwanja, kama ilivyo haki yao. Waongeze swali moja. Tanzania ina wakaguzi wangapi wa usalama wa anga wenye sifa kamili leo, wangapi wameondoka mwaka huu, na kila uwanja wa kando ya ziwa ulikaguliwa boti zake lini? Jibu liwekwe kwenye Hansard kwa tarakimu. Na wewe msomaji uliyempigia kura mbunge huyo, mpigie simu kabla ya kikao cha Aprili kuanza, si baada ya ajali.